Amplifaya ya Valvu: Ilivyozaliwa, na Namna ya Kuifufua

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Karatasi hii ina maneno yote ya somo la redioni. Aliyekosa karatasi na asogee karibu na jirani yake, wasome pamoja.

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya chombo kimoja. Chombo hicho hupokea sauti iliyo ndogo mno, huikuza, kisha huipeleka kwenye spika ili watu wengi waisikie. Jina lake ni amplifaya. Leo tutajifunza amplifaya za zamani, zile za valvu, jinsi zilivyozaliwa, na namna fundi anavyoweza kuifufua moja iliyolala miaka mingi.

Kosa langu

Naanza kwa kuungama kosa. Miaka kadhaa iliyopita nilihamishiwa katika kituo kimoja cha mafunzo. Siku moja tulikuwa tukisafisha ghala. Chini ya magunia tukakuta amplifaya ya valvu, nzito kama kinu. Tuliifuta vumbi, nikaipeleka darasani, nikaichomeka kwenye umeme mbele ya wanafunzi. Nilitaka waone valvu zikiwaka.

Ziliwaka kweli, tena zikawaka mno. Halafu tukasikia mlio kama wa mafuta kikaangoni. Moshi ukatoka, na harufu ya nta iliyoungua ikajaa chumbani. Nikachomoa plagi upesi, lakini transfoma ilikuwa imekwisha kuungua.

Tulimwita mzee mmoja, fundi wa redio wa siku nyingi. Aliipindua amplifaya, akaitazama chini yake, kisha akaniuliza, "Mwalimu, ulisoma kwanza?" Akanionyesha kibao kidogo cha bati. Kibao kilionyesha kwamba mashine imewekwa kwa umeme wa volti 110, na umeme wetu ni wa volti 230. Tena, mahali pa fyuzi mtu fulani alikuwa amefunga kipande cha waya. Mzee akasema, "Mashine hii haikufa kwa uzee. Imekufa leo asubuhi."

Fikirini, ndugu zangu. Mimi, ambaye kazi yangu ni kufundisha watu kusoma, sikusoma tarakimu tatu. Somo la leo limetokana na aibu hiyo.

Taa iliyozaa valvu

Je, valvu ni kitu gani? Ukiitazama utadhani ni taa. Ina kioo, na ndani yake mna uzi unaowaka wekundu. Hukukosea sana, kwa sababu valvu ni mtoto wa taa.

Katika miaka ya 1880, Thomas Edison wa Marekani alikuwa akishughulika na taa zake za umeme. Aliona jambo la ajabu. Alipotia kipande cha metali ndani ya taa, pasipo kugusana na uzi unaowaka, umeme uliweza kupita kutoka kwenye uzi mpaka kwenye kipande kile, katikati ya nafasi tupu. Hakulitumia sana jambo hilo. Lakini mwaka 1904 John Ambrose Fleming, mhandisi wa Uingereza, alilichukua akaunda valvu ya kwanza. Valvu yake iliruhusu umeme kupita upande mmoja tu, kama mlango unaofunguka nje na usiofunguka ndani. Chombo hicho kilifaa kupokea mawimbi ya redio, lakini hakikuweza kukuza sauti.

Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest aliunda chombo alichokiita Audion. Hatimaye alitia ndani yake kitu cha tatu, waya mwembamba uliokunjwakunjwa, kati ya uzi wa moto na bamba la metali. Waya huo huitwa gridi. Hiyo ndiyo iliyobadili mambo yote.

Tazameni mfereji wa kumwagilia shamba. Maji mengi yanasukuma, lakini kwenye lango pana ubao mmoja. Mtoto mdogo akiuinua ubao kidogo, maji mengi hupita. Akiushusha, maji hupungua. Nguvu ya mtoto ni ndogo, bali kazi inayofanyika shambani ni kubwa. Gridi ni ubao ule. Umeme mdogo wa sauti huingia kwenye gridi, nao hutawala umeme mkubwa unaopita kwenye valvu. Mkiuelewa mfano huu, mmeielewa amplifaya.

Kutoka bahari hadi bahari

Audion za kwanza zilikuwa dhaifu, kwa kuwa hewa kidogo ilibaki ndani ya kioo. Wataalamu wengine, kama Harold Arnold na Irving Langmuir, walijifunza kuiondoa hewa ile vizuri zaidi. Ndipo valvu ikapata nguvu ya kazi.

Kazi kubwa ya kwanza haikuwa muziki, ilikuwa simu. Sauti ikisafiri mbali katika waya huchoka, hata isisikike tena. Mafundi wa simu wakaweka amplifaya za valvu njiani, ili sauti iliyochoka ipewe nguvu mpya. Tarehe 25 Januari, 1915, simu kati ya New York na San Francisco ilizinduliwa. Umbali wake ulizidi maili 3,000. Alexander Graham Bell, aliyevumbua simu, alikuwa New York, akazungumza na Thomas Watson, msaidizi wake wa zamani, aliyekuwa San Francisco.

Lakini palikuwa na tatizo. Kila amplifaya iliongeza nguvu, na papo hapo iliharibu sauti kidogo. Sauti ikipita katika amplifaya nyingi, uharibifu mdogo mdogo hujumlishwa ukawa mkubwa. Ni kama habari inayopita vinywa vingi. Ikifika mwisho wa kijiji, siyo habari ile tena.

Wazo lililozaliwa kivukoni

Mhandisi kijana aitwaye Harold Black alilifikiri tatizo hilo kwa miaka kadhaa. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti, 1927, alikuwa katika kivuko akivuka mto Hudson kwenda kazini New York. Ghafula jawabu likamjia. Hakuwa na karatasi nyingine, akaliandika juu ya ukurasa wa gazeti alilokuwa nalo.

Jawabu lenyewe ni hili. Chukua sehemu kidogo ya sauti inayotoka kwenye amplifaya, uirudishe mwanzoni, kinyume na sauti inayoingia. Hapo kosa lililofanywa na amplifaya litajisahihisha lenyewe. Ninyi mmekwisha kufanya jambo la namna hiyo darasani. Mwalimu anaposoma imla, nanyi mnaandika, kisha mmoja anamsomea mwalimu yale aliyoandika, makosa huonekana na kusahihishwa. Kazi huenda polepole zaidi, lakini huwa safi. Vivyo hivyo amplifaya ya Black ilipoteza sehemu ya nguvu yake, ikapata usafi.

Watu wengi hawakuamini. Nguvu imepatikana kwa taabu, kwa nini kuipoteza? Black aliomba hati ya uvumbuzi mwaka 1928, akaipata mwaka 1937. Alingoja miaka tisa.

Miaka ya sauti safi

Mwaka 1945, Harold Leak wa Uingereza alitoa amplifaya aliyoiita "Point One". Jina hilo lina maana ya nukta moja, yaani uharibifu wa sauti haukuzidi 0.1 kwa mia, au sehemu 1 katika 1,000. Mwaka 1947 mhandisi D. T. N. Williamson alichapisha katika gazeti la Wireless World mchoro wa amplifaya ya wati 15 yenye usafi kama huo. Alionyesha kila kipande na kipimo chake. Mafundi wa nchi nyingi waliusoma mchoro ule, wakajiundia amplifaya nyumbani. Angalieni: elimu iliyochapishwa ilivuka bahari kabla ya mashine zenyewe.

Mwaka 1953 kampuni ya Peter Walker, iliyokuwa katika mji wa Huntingdon, Uingereza, ilitoa amplifaya iitwayo Quad II. Ina valvu mbili kubwa za KT66 zinazosukuma spika, valvu mbili ndogo za EF86 zinazoanza kazi ya kukuza, na valvu moja ya GZ32 inayogeuza umeme wa kwenda na kurudi uwe wa upande mmoja. Nguvu yake ni wati 15. Nyingi bado zinapiga muziki hata leo, na mafundi wengi hujifunzia kazi ya kufufua kwa kutumia mashine hiyo.

Huku kwetu nako zilikuwa siku za valvu. Mwaka 1951 utangazaji ulipoanza Dar es Salaam, na kituo kikaitwa Sauti ya Dar es Salaam, sauti ilisafiri kwa valvu.

Transista yaja

Desemba 1947, mwaka ule ule wa mchoro wa Williamson, wataalamu watatu wa Bell huko Marekani, John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley, walipata chombo kipya kiitwacho transista. Nacho hukuza umeme, lakini hakina uzi wa moto, hakina kioo, hakihitaji volti mamia. Kidogo kidogo transista ikachukua mahali pa valvu. Mwaka 1967 hata kampuni ya Walker ilitoa amplifaya ya transista, Quad 303.

Tusiilaumu transista. Ndiyo iliyofanya redio iwe nyepesi, itumie betri ndogo, ifike kijijini pasipo umeme. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wa Tanzania walikaa katika vikundi wakasikiliza masomo ya redio kama tufanyavyo sasa. Kwa redio za valvu peke yake jambo hilo lingekuwa gumu sana.

Basi, kwa nini tuzifufue amplifaya za kale? Kwanza, kwa kuwa bado zinaweza kufanya kazi yao vizuri. Pili, kwa kuwa zinasomeka. Kila kipande ni kikubwa, kinaonekana kwa macho, kinashikika kwa mkono. Mwanafunzi anaweza kuufuata waya kwa kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mashine nyingi za leo hazifunguki, tena zikifunguka hazisomeki.

Namna ya kuifufua

Sasa sikilizeni kwa makini. Ndani ya amplifaya ya valvu mna umeme wa volti zaidi ya 300. Umeme huo huua. Tena unaweza kubaki ndani ya kapasita hata baada ya plagi kuchomolewa. Kwa hiyo, asiyefundishwa asifungue mashine hii peke yake. Akae na fundi.

*Jambo la kwanza: soma.* Soma kibao cha volti. Tazama kama kiteuzi kimewekwa sawa na umeme wa nyumbani kwako. Tazama fyuzi, na uhakikishe ni fyuzi, si waya. Tazama kama waya wa ardhi umefungwa imara kwenye bati la mashine.

*Jambo la pili: ondoa umeme uliobaki.* Chomoa plagi. Fundi hutumia rezista yenye nyaya zilizofunikwa vizuri kumwaga umeme wa kapasita polepole, kisha hupima kwa mita mpaka aone sifuri. Asiseme, "Nadhani umekwisha." Apime. Tena mkono mmoja ukae mbali na mashine, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani.

*Jambo la tatu: tazama kapasita.* Kapasita ni kama mtungi wa kuwekea umeme. Zile kubwa za kulainisha umeme zina karatasi nyembamba za alumini na maji ya dawa. Juu ya alumini kuna utando mwembamba sana unaozuia umeme usipite. Mashine ikilala miaka mingi, utando hudhoofika na maji hukauka. Ukiichomeka ghafula, umeme mwingi hupita, kapasita hupata moto, na huweza kupasuka. Kapasita iliyovimba au iliyotoa uchafu ibadilishwe.

Kapasita ndogo za karatasi na nta ni adui wa siri. Kazi yake ni kupitisha sauti kutoka valvu moja hadi nyingine, na kuzuia umeme mkubwa usiifuate. Lakini unyevu huingia katika karatasi, hasa pwani, na kapasita huanza kuvuja. Umeme unaovuja hufika kwenye gridi ya valvu kubwa na kuinua ule ubao wa mfereji. Valvu hupitisha umeme kupita kiasi, bamba lake huwa jekundu, na mwishowe transfoma huungua. Katika Quad II fundi hupima gridi za KT66 wakati hakuna sauti inayoingia. Zinatakiwa zisome karibu na sifuri. Zikisoma volti kadhaa za upande wa chanya, huenda kapasita inavuja. Kapasita hiyo ni ya bei ndogo. Transfoma ni ya bei kubwa, na ya zamani ni taabu kuipata. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

*Jambo la nne: pima rezista.* Rezista huzuia umeme kwa kipimo. Kipimo chake huitwa omu. Rezista za kaboni zikizeeka, mara nyingi omu zake huongezeka. Iliyopotoka mno ibadilishwe. Nyingine yoyote iachwe. Fundi mzuri habadilishi kila kitu. Hubadilisha kilichokufa tu, na huandika daftarini alichokibadilisha.

*Jambo la tano: washa polepole.* Hapa taa inarudi katika hadithi yetu. Fundi hufunga taa ya kawaida ya uzi, siyo taa ya kisasa ya LED, katika njia ya umeme kabla ya amplifaya. Kama ndani mna njia fupi ya hatari, taa huwaka kwa nguvu na huubana umeme, mashine isiungue. Ikiwaka kwa muda kisha ikafifia, ni dalili njema. Basi, mama taa anamlinda mtoto wake valvu. Na spika iwe imefungwa kabla ya kuwasha, kwa maana amplifaya ya valvu ikipiga bila spika huweza kuiharibu transfoma yake.

Kusoma kwa rangi

Ndugu zangu, rezista nyingi hazina maandishi. Zina mistari ya rangi, na kila rangi ni tarakimu. Nyeusi ni 0, kahawia ni 1, nyekundu ni 2, rangi ya chungwa ni 3, manjano ni 4, kijani ni 5, buluu ni 6, zambarau ni 7, kijivu ni 8, na nyeupe ni 9. Mstari wa kwanza na wa pili ni tarakimu mbili. Mstari wa tatu ni idadi ya sifuri za kuongeza.

Tujaribu. Kahawia, kijivu, kahawia. Kahawia ni 1. Kijivu ni 8. Kahawia ya mwisho ni sifuri moja. Jawabu ni omu 180. Katika Quad II valvu mbili za KT66 hutegemea rezista moja ya omu 180, nayo hupata moto sana, kwa hiyo fundi huipima mapema.

Mmeona? Anayejua rangi tu huona mapambo. Aliyejifunza husoma kipimo. Ndiyo tofauti iliyopo kati ya mtu asiyejua kusoma na ajuaye, wote wawili wakiitazama karatasi ile ile.

Mwisho

Amplifaya niliyoiunguza haikupona. Yule mzee alitoa valvu zilizosalimika, akaziweka akiba. Baadaye tulipata nyingine, na safari hii hatukuigusa plagi kwa muda wa wiki tatu. Tulisoma, tukapima, tukaandika. Wanafunzi walibadilisha kapasita sita na rezista mbili. Siku ya kuwasha, taa ya ulinzi ilimulika, kisha ikafifia. Tukangoja valvu zipate moto. Halafu sauti ya mtangazaji ikatoka, safi, na mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakusema neno. Kibao cha bati cha ile mashine ya kwanza ninacho mezani kwangu mpaka leo, na kila asubuhi nakisoma.

Maswali ya kujibu darasani

1. Gridi ya valvu inafanana na kitu gani katika mfereji? Eleza kwa maneno yako mwenyewe.
2. Wazo la Harold Black linafananaje na imla?
3. Kapasita ndogo inayovuja inawezaje kuunguza transfoma?
4. Rezista ina mistari ya manjano, zambarau na nyekundu. Ni omu ngapi?
5. Nyumbani kwako tafuta chombo chochote cha umeme. Soma kibao chake, uandike daftarini volti zake. Usikifungue.

Kwaherini, ndugu wanafunzi. Tukutane katika somo lijalo.